Mbegu ya Mama na Uzio wa Bi Sindano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya shikamoo, pokea salamu za nyumba nzima, yaani mimi na paka, maana tangu ulipoondoka sisi ndio nyumba nzima. Mimi ni mzima. Goti la kushoto bado linatabiri mvua na bado linakosea. Paka naye ni mzima, ila amekuwa mnene kiasi kwamba panya wanampisha kwa heshima, si kwa woga. Vipi wewe, mgongo umetulia? Vipi mpwa wangu, amepata nguvu baada ya kujifungua? Na huyo mjukuu wetu analala usiku, au amerithi mapafu ya bibi yake? Mwambieni kwamba babu yake fundi saa anamsalimu, na kwamba saa ya ukutani ya sebuleni nimeitengeneza kwa heshima yake. Sasa inapiga saa sita wakati ni saa tano, jambo ambalo ni maendeleo.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nilijaribu simu, dada. Nilipiga, ukauliza kama njegere zimetoa maua, nikasema zimetoa, ukasema basi nikale nikalale, ukakata. Nikapiga tena, ukauliza kama nimekunywa dawa ya goti. Kwenye simu mimi na wewe huwa hatufiki mwisho wa sentensi yangu. Barua haikatizwi. Mtu anaweza kuirusha ukutani, lakini ataiokota tu ili ajue imeishaje. Kwa hiyo nakuomba uisome ukiwa umekaa, na mtoto awe mikononi mwa mtu mwingine.

Siku ile unaondoka ulinipa maagizo matatu, ukanitaka niyarudie kama mtoto wa darasa la kwanza. La kwanza, nimwagilie asubuhi, kwenye shina, si kwenye majani. La pili, mbegu ya mama: nusu niipande kwenye tuta la uzioni mvua zikianza, nusu ibaki ndani ya kopo. La tatu, nisiongee na Bi Sindano. Hili la tatu ulilisema ukiwa umeshaingia kwenye gari, ukateremsha kioo ili ulirudie. Ulisema hata akinisalimia niitikie kwa pua.

Nayataja haya si kwa kudhani umesahau. Hujawahi kusahau kitu, na hiyo ndiyo shida yetu. Nayataja ili ujue kwamba na mimi niliyakumbuka yote, kila siku, hata siku niliyokuwa nayavunja.

Hasa lile la mbegu. Nilikuwepo pale mama alipokuwa kitandani, akiwa amechoka hata kumeza maji. Hakuuliza habari za nyumba wala kiwanja. Aliuliza mbegu iko wapi. Wewe ukaleta kopo, ukalitikisa karibu na sikio lake, akatabasamu. Maharage yale meupe yenye doa la zambarau ubavuni, kama mtu aliyelalia wino, alikuja nayo nyumba hii akiwa bibi harusi, yamefungwa kwenye pindo la nguo. Hatujawahi kuyaona sokoni wala kwa mtu yeyote. Uliponikabidhi lile kopo ulichelewa kuliachia, ukasingizia mfuniko. Niliona.

Basi mvua zilianza, nikapanda. Njegere zako katikati ya bustani zilitangulia, zikashika fito kwa vile vikono vyao vyembamba. Maharage ya mama yakafuata kwenye tuta la uzioni, mazuri, yamesimama kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa. Nilikuwa nikitoka asubuhi na kikombe changu cha chai kuyatazama, nikajiona mkulima. Nilianza hata kutembea kwa mikono nyuma.

Halafu wakaja vidukari.

Mwanzo nilidhani ni vumbi. Kwenye njegere walikuwa wa kijani, kwenye maharage weusi, wamejipanga kwenye ncha changa kama abiria waliokosa viti. Majani yakaanza kujikunja na kunata. Mtu mwingine angekimbilia majivu au maji ya sabuni kama unavyofanya wewe. Mimi nikajiambia, hapana, fundi hagusi saa kabla hajaifungua akaona ugonjwa uko wapi. Nikachukua ile lenzi yangu ya kubana jichoni, nikaweka kigoda katikati ya matuta, nikatazama. Nilitazama kwa siku nyingi. Wateja walikuja dukani wakakuta mlango wazi na fundi hayupo, wakanifuata bustanini, wakanikuta nimeinama juu ya njegere na lenzi jichoni. Mmoja aliondoka bila kuuliza habari za saa yake, na hajarudi.

Nitakueleza nilichokiona, maana nilikiona kwa jicho langu mwenyewe. Kwanza, palikuwa na sisimizi. Walikuwa wakipanda na kushuka kwenye mashina, na kila wakimfikia kidukari wanamgusagusa kwa vile vipembe vyao. Nikaamua kwamba wanawafinya. Nikafurahi sana kuona kuna askari kazini, na kwa kuwa askari hafanyi kazi na njaa, nikawa nawawekea sukari kidogo kwenye mashina kila asubuhi.

Pili, palikuwa na wale wadudu wekundu, duara, wenye madoa meusi mgongoni kama vifungo vya gauni. Kila palipokuwa na vidukari wengi, huyo mwekundu hakosekani. Hawaachi. Analala nao, anaamka nao. Nikamtazama mmoja kwa lenzi, nikaona amembeba kidukari mdomoni, taratibu, kama paka anavyombeba mtoto wake. Dada, niliguswa. Nikasema moyoni, ama kweli uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hata awe mdudu. Nikawa nimegundua: wale wekundu ndio mama zao.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi unajua kipara kilivyonianza mapema.

Baada ya kugundua hivyo kazi ikawa nyepesi. Ukitaka kumaliza watoto, ondoa wazazi. Kila alfajiri nilitoka na kibano changu cha kushikia vipuri, nikawaokota wale wekundu mmoja mmoja bila kumvunja hata mguu, nikawatia kwenye kopo la jemu. Niliwaokota pia vijitoto fulani vyeusi vyenye mgongo wa magamba, kama mamba waliosinyaa, kwa kuwa sura zao hazikunipendeza. Kisha likaja swali la kuwaua. Sikuweza, kwa sababu ya lile jambo la paka na mtoto wake. Nikasimama na kopo langu karibu na uzio, nikifikiri.

Na wewe unajua uzio ule unatenganisha nini. Unajua kwa nini uliongezewa mbao juu yake. Ni kwa sababu ya yale maharage ya mama yaliyopanda uzio msimu ule, yakaning'iniza maganda upande wa pili, na Bi Sindano akayachuma, akisema kilicho upande wake ni chake. Ukamwita mwizi mbele ya muuza maziwa na foleni nzima ya wateja wake. Mwanamke aliyemchoma kila mtu wa mtaa huu sindano tangu akiwa nesi kijana, hata leo watu wazima wakipishana naye wanashika kiuno, akageuka na bakuli lake la maharage akaingia ndani. Tangu siku hiyo ni kimya. Kwa hiyo nilipowaza pa kuwapeleka wale mama wa vidukari, sikuhitaji kuwaza sana. Nilijinyoosha kwa ncha za vidole, nikamimina kopo juu ya njegere za Bi Sindano, kisha nikainama.

Nilifanya hivyo kila alfajiri. Niseme ukweli, nilifanya kwa ajili yako. Nilikuwa nikisema kimoyomoyo, hili ni la dada. Na nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu utoto.

Ajabu ni kwamba mambo hayakwenda. Kadiri nilivyowaondoa wale mama, ndivyo yatima walivyozidi kuongezeka. Sisimizi walinenepa. Njegere zikawa zinanata kiasi kwamba paka aliwahi kutoka humo na jani kichwani. Maharage ya mama yalikuwa mabaya zaidi, mashina yamejaa weusi mpaka huoni kijani, yakajikunja, yakainamisha vichwa. Na kila nilipochungulia kwenye ufa wa uzio, upande wa pili njegere zilikuwa safi, zinameremeta, maua meupe kama shuka za hospitali. Nikajisemea yule mama ana dawa. Nikajisemea pia kwamba huenda tangu mwanzo ni yeye aliyetutupia.

Asubuhi moja nimeketi dukani, nimefungua saa ya mtu, nasikia hodi. Nainua uso na lenzi yangu jichoni, namwona Bi Sindano mlangoni, mkubwa kuliko kawaida. Mkono mmoja ana bakuli la njegere. Mwingine ana ile saa yake ya unesi, ya kubana kifuani, inayoning'inia kichwa chini. Nilikumbuka agizo lako. Aliposalimu niliitikia kwa pua. Akaniuliza kama nina mafua.

Akasema amekuja kwa mambo mawili. La kwanza saa yake imesimama. La pili ni shukrani. Nikauliza shukrani za nini, kwa mdomo sasa, pua ikiwa imeshindwa. Akaweka bakuli mezani, juu ya vipuri vya watu, akasema:

"Za walinzi, fundi. Wale wekundu. Msimu huu vidukari walikuwa wanimalize, nikaona kila asubuhi mnaniletea walinzi. Sikutegemea wema kutoka upande huu."

Kisha akanieleza polepole, kwa sauti anayotumia kabla hajakuchoma. Wale wekundu, alisema, chakula chao ni vidukari, na wale wanaofanana na mamba ni watoto wao, walafi kuliko mama zao. Alilijua hilo tangu alipovunjika mguu, alipokuwa akishinda amekaa bustanini hana la kutazama ila wadudu. Na sisimizi si askari hata kidogo. Ni wachungaji. Wanawalinda vidukari kama mifugo, wanawakamua yale majimaji yao matamu. Nilikumbuka sukari niliyokuwa nikiwawekea, nikaona jasho linanitoka. Kwa hiyo, dada, nilikuwa nimewafukuza askari kwa mikono yangu, mmoja mmoja, bila kuwavunja hata mguu, nikabaki kuwanywesha chai wezi.

Sasa weka mkono kifuani uniambie wewe ungesemaje. Mtu amesimama mbele yako na bakuli la njegere, anakushukuru kwa jambo ulilolifanya kwa nia mbaya kabisa. Nilifungua mdomo kusema ukweli, na mdomo ukasema: "Ujirani ni ujirani, nesi."

Akatazama chini. Akasema ni kweli. Akaondoka akaacha saa.

Niliifungua ile saa mchana ule ule. Haikuwa na ugonjwa wowote. Haikuwa imetiwa ufunguo tu.

Kwa kuwa nilishajifanya mwema, ilibidi niendelee na wema. Nilikwenda kumrudishia saa, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba katika ukarimu wangu nimejisahau, nimejimalizia walinzi wote. Aliitazama kofia yangu, akaingia ndani, akatoka na kopo la jemu. Lilikuwa kubwa kuliko langu. Akaja nalo mwenyewe upande wetu. Ndiyo, aliingia kwa mlango wetu wa uani, na alivua viatu kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki. Akawamwaga wekundu kwenye njegere. Sisimizi akawazuia kwa kupaka grisi kwenye fito na kwenye vitambaa alivyozungushia mashina, grisi yangu ya dukani, ile nzuri. Vidukari wengine tukawaosha kwa maji ya sabuni, mimi nikishika majani na yeye akinyunyiza. Nilipokosea alinipiga kofi la mkono bila kuniangalia, kama mtoto anayechezea bandeji.

Njegere zako zikapona, dada. Hilo ndilo lililokuwa kwenye simu, na halikuwa uongo. Tumechuma na bado tunachuma. Nimekukaushia nyingine.

Lakini kwa maharage ya mama tulikuwa tumechelewa. Alipoyafikia aliinama, akaligusa shina moja, likabaki mkononi mwake. Mimi ndiye niliyejitia moyo nikasema si neno, nusu ipo kwenye kopo.

Sasa nafika pagumu. Kama mtoto amerudi mikononi mwako, mrudishe kwa mama yake.

Kuanzia wakati ule nilikuwa nasikia mlio dukani. Mlio mdogo, mkavu, kama saa inayokwenda lakini imepoteza mahadhi. Tik, halafu kimya, halafu tik-tik. Nilijua ni saa ya mteja. Nikazitoa zote rafuni, nikazisikiliza moja moja, nikazinyamazisha. Mlio ukaendelea. Nikafungua saa ya ukutani, ndipo ilipoanza ile tabia ya kupiga sita. Mlio ukaendelea. Bi Sindano alikuwa amekuja kuazima koleo, nikamweleza, naye ana masikio yaliyozoea kusikiliza vifua vya watu. Akazunguka duka zima ameinamisha kichwa, akasimama mbele ya rafu ya juu, akanyoosha kidole.

Lilikuwa kopo la mbegu.

Dada, wewe ulilifunga kopo lile likiwa na majivu. Uliyachanganya na mbegu kwa mikono yako, kama mama alivyofanya, na hukunieleza majivu ni ya nini kwa sababu hukuwaza kwamba kuna mtu duniani angehitaji kuelezwa. Mimi ni fundi saa. Maisha yangu yote vumbi ndiye adui. Wiki ile ile uliyoondoka nilifungua kopo kutoa nusu ya kupanda, nikaona mbegu ya mama imelala kwenye uchafu, roho ikaniuma. Nikayachekecha majivu yote nikayatupa. Nusu ya kubaki nikaipangusa harage moja moja kwa brashi ya vipuri mpaka ikang'aa, nikairudisha kwenye kopo safi, nikalipeleka dukani ili niwe nalo karibu. Nilikuwa na nia ya kukuonyesha ukirudi. Niliona kama nakuandalia zawadi.

Tulipofungua, fukusi walitoka wakitembea bila haraka, kama watu wanaotoka kwenye mkutano. Kila harage lilikuwa na tundu. Mengine matatu, manne. Nikayamwaga kwenye trei, nikabana lenzi jichoni nikatafuta zima hata moja. Nilitafuta mpaka sikuona tena, na si kwa sababu lenzi ilikuwa chafu. Nilikuwa nasikia sauti ya kopo likitikiswa karibu na sikio la mama.

Bi Sindano hakunipa pole. Aliuliza tu kama hiyo ndiyo iliyobaki yote. Nikasema yote. Akaondoka, nikasikia mlango wake wa uani ukifungwa. Nikadhani amekwenda zake. Aliporudi alikuwa na chupa ya dawa, ile ya kahawia ya hospitali, yenye mfuniko mweupe. Akaimimina kwenye trei, pembeni mwa maiti zangu. Yalitoka majivu kwanza. Halafu ndani ya majivu yakatoka maharage meupe, kila moja na doa la zambarau ubavuni.

Unajua yametoka wapi. Ni yale maganda. Ni yale yale uliyomwitia mwizi.

Alinisimulia akiwa amesimama, anatazama rafu, si mimi. Alisema siku ile alikuwa amechuma tu kama mtu anavyochuma kilichomwangukia, na angekupelekea bakuli zima kama ungepiga hodi. Lakini ulimwita vile mbele za watu. Alirudi ndani akashindwa kuyala. Akashindwa pia kuyarudisha, kwa sababu kurudisha ni kukubali. Akayapanda nyuma ya tangi lake la maji, mahali ambapo ukisimama kwetu huwezi kuona, na kila msimu ameyavuna akayabakiza, hajapika hata kijiko kimoja. Akasema, na haya ni maneno yake:

"Nilikuwa namtunzia mpaka aniombe radhi. Halafu nikaona nitazeeka na chupa."

Dada, mwizi gani analima mali ya mtu miaka yote hiyo, anaipaka majivu, halafu haionji? Mimi niliyekuwa mlinzi niliimaliza mbegu ya mama msimu mmoja, kwa usafi. Yule uliyemwita mwizi ndiye aliyeiweka hai. Sisemi hivi kukusuta. Nasema kwa kuwa nimeshindwa kulisema kwa namna nyingine, na nimejaribu kwenye karatasi kadhaa ambazo paka amezilalia.

Mbegu ipo. Imo kwenye chupa yake, juu ya meza yangu, na majivu yake yote. Sijaigusa. Nimekatazwa kuigusa. Pumua.

Na ukishapumua kuna jambo jingine dogo.

Mbao za uzio ule, tatu za kati, nimezing'oa. Ilikuwa ni kwa ajili ya kupitisha ndoo ya maji ya sabuni bila kuzunguka. Halafu ikawa kwa ajili ya kupitisha chai. Umekuwa ukinihimiza tangu marehemu mke wangu atutoke kwamba nitafute mwenzangu, mtu wa makamo, mwenye adabu, anayejua kutunza vitu. Hukuwahi kutaja awe upande gani wa uzio. Tulikuwa tunatoa viwavi kwenye maganda ya njegere, yeye na lenzi yangu jichoni, mimi nimeshika bakuli, nikamwuliza kama angefikiria kunioa, maana nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi hicho. Alitoa lenzi, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akanirudishia. Akasema:

"Muulize dada yako kwanza. Mimi siwezi kuitwa mwizi mara mbili na mtu mmoja."

Basi nakuuliza, dada. Kilio changu kimefika kwako. Bila neno lako hatakubali, na ameniambia hata usipojibu ataendelea kunisalimia na nimjibu kwa kiungo chochote nitakachopenda. Lakini mimi nimezoea mlio wa pili ndani ya nyumba. Unajua nilivyo kuhusu saa iliyosimama.

Na nina ombi la mwisho, ambalo ndilo siri ya barua hii yote. Habari ya wale wadudu wekundu, kwamba niliwatupa kwa ubaya nikidhani ni mama wa vidukari, anaijua Mungu na mimi, na sasa wewe. Yeye anaamini hadi leo kwamba nilikuwa namletea zawadi. Ndilo jambo lililomfanya aje mlangoni. Nakuomba kwa heshima ya mama usije ukamwambia. Acha mtu awe na jambo moja zuri la kuamini kuhusu mumewe.

Msalimu mpwa wangu, mkwe wetu na majirani zenu wote wanaonijua na wasionijua. Kichanga kipigwe busu upande wangu. Ukija, usije na haraka, uje na jibu. Chai ipo, njegere zipo, na sakafu itakuwa imepigwa deki.

Ni mimi mdogo wako mtiifu kwa agizo moja kati ya matatu,

Fundi Saa

Wifi,

Nakuita hivyo kwa majaribio. Mdogo wako amekwenda kutafuta gundi ya bahasha na ameiacha barua wazi mezani, kama alivyoacha kopo. Nimeisoma yote. Nisamehe, mazoea ya kusoma vyeti vya wagonjwa.

Anayetoa zawadi hatupi akainama. Uzio ule unamfika puani, mimi unanifika kifuani. Kila alfajiri nilikuwa dirishani nikiona ile kofia yake inapanda, mkono unatoka, kofia inazama. Nilijua ananitupia kwa ubaya. Nilinyamaza kwa kuwa njegere zangu zilikuwa zinapona, kisha nikanyamaza kwa kuwa nilianza kuamka mapema ili nisiikose ile kofia. Usimwambie kwamba najua. Ameshapata shida ya kutosha na akili zake.

Mbegu ya mama yenu ni yako, ije ichukuliwe na wewe mwenyewe kwa mkono wako. Sitaki kuombwa radhi. Piga hodi tu, kama ungepiga siku ile.

Yale maganda niliyachuma, sikatai. Lakini huyu sikumchuma. Aliruka uzio mwenyewe, kopo baada ya kopo.

Nesi wa upande wa pili